Kura ya jirani mwenye vita: sisi wa Mbeya, Songwe na Iringa tunafuatilia nini hasa?

Mwanambalizi (mleta mada)

Wakuu, salaam. Wa Rungwe na Kyela, ugonile. Wa Iringa, kamwene. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite atarudi jioni.

Kila uchaguzi wa Congo ukikaribia, vijiwe vyetu huku vinawaka. Mbalizi, Kabwe, Mwanjelwa, na ukishuka Tunduma ndiyo usiseme. Malori yamepanga foleni kusubiri kuvuka kwenda Nakonde, madereva na matingo wamekaa kivulini wanabishana Katumbi, Fayulu na Tshisekedi kama Simba na Yanga. Nani kajaza uwanja, nani kapokewa na umati. Video zinarushwa kwenye magrupu kutwa nzima.

Sisemi tuache. Congo inatuhusu. Mizigo yao inapita mlangoni kwetu, na watoto wetu wamekufa kwao. Mwaka 2013 Umoja wa Mataifa ulipopeleka brigedi ya kupambana na M23, waasi wa mashariki mwa Congo, askari walitoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na kamanda wa kwanza alikuwa Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Tarehe 7 Desemba 2017 askari wetu wasiopungua 14 waliuawa Semuliki, kwenye eneo la Beni. Lishikeni hilo jina la Beni.

Shida yangu ni kwamba tunaangalia mahali pasipohusika. Kwenye nchi yenye vita, mkutano wa hadhara haukuambii kitu. Mgombea anaweza kujaza uwanja Kinshasa huku wilaya nzima upande wa mashariki haimo kwenye daftari la wapiga kura. Mimi siku hizi nauliza mambo mawili tu: nani ameachwa nje ya kura, na nani ameshika karatasi ya matokeo ya kituo. Umati nawaachia wapiga picha.

Sasa Beni. Uchaguzi wa 30 Desemba 2018. Siku chache kabla, tume ya uchaguzi ya Congo ikatangaza kwamba Beni na Butembo kule Kivu Kaskazini, pamoja na Yumbi upande wa magharibi, hawatapiga kura siku hiyo. Sababu zilizotolewa ni Ebola na usalama. Ebola ilikuwepo kweli. Waasi walikuwepo kweli. Ila watu zaidi ya milioni moja waliambiwa wasubiri hadi Machi 2019, na rais aliapishwa 24 Januari. Hesabu wewe mwenyewe. Walipopiga kura zao Machi, walichagua wabunge tu. Ya urais ilishapita.

Watu wa Beni walifanya nini? Siku ileile ya 30 Desemba, wakati nchi nzima inapiga kura, vijana wa mji wakaandaa kura yao wenyewe. Makaratasi yao na masanduku yao. Watu wakapanga foleni, na kila mtu ananawa mikono kabla ya kuishika karatasi, kwa sababu ya Ebola. Wakubwa walisema foleni ya kura itasambaza ugonjwa. Wao wakaonyesha mbele ya kamera kwamba foleni na ndoo ya maji vinaweza kukaa pamoja. Kura hiyo haikuhesabiwa popote kisheria na walilijua hilo tangu asubuhi. Bado walipanga foleni juani.

Mimi nasema tukio lile ni kubwa kuliko mkutano wowote wa kampeni ile, na kwenye kijiwe chetu halikuzungumzwa hata dakika tano.

Kule Mashariki kuna harakati ya vijana inaitwa LUCHA, ilianzia Goma mwaka 2012. Hawana mwenyekiti wala kiongozi mmoja wa kukamatwa ili wengine wanyamaze. Moja ya mambo waliyoyapigania mapema ni maji ya bomba. Maji! Mji umekaa ukingoni mwa Ziwa Kivu na watu wanabeba madumu. Wamepigwa, wamefungwa, wengine wamepoteza maisha. Mwaka 2021 serikali ilipoweka magavana wa kijeshi Kivu Kaskazini na Ituri, vijana wa LUCHA waliandamana Beni kusema hali hiyo haijawalinda raia, wakawekwa ndani. Hao ndio wanasiasa ninaowafuatilia mimi. Wagombea wanakuja na helikopta, hawa wanabaki na majirani zao.

Karibuni. Anayenipinga aje na hoja.

Dereva_wa_Kasumbalesa

Mkuu umenigusa. Mimi ni wa barabarani, Dar–Tunduma–Kasumbalesa–Lubumbashi, miaka mingi.

Agosti 2018 nilikuwa upande wa Zambia na mzigo wakati Katumbi alipofika mpakani Kasumbalesa kutaka kuingia nchini kwake. Tarehe 3. Akazuiwa. Watu walitaka kwenda kumpokea, upande ule kukawa na polisi na mabomu ya machozi, sisi tumefunga vioo. Sasa kitu ambacho wengi huku hawakukielewa: kuchukua na kurudisha fomu za urais mwisho ulikuwa tarehe 8 Agosti. Ukimzuia mtu mpakani siku tano, humpigi risasi, humfungi, unasema tu makaratasi hayajakamilika. Umemaliza. Kijiweni Tunduma watu walikuwa wanasubiri aanze kampeni, kumbe kampeni yake imeishia kwenye geti.

Na jingine. Baada ya ile kura ya 30 Desemba walikata intaneti nchi nzima na ujumbe wa simu. Ilikaa karibu wiki tatu. Watu wa Lubumbashi walikuwa wanatuuliza sisi madereva tunaotoka Zambia: huko nje wanasemaje, nani kashinda? Mtu yuko nchini kwake anamuuliza Mtanzania nani rais wake. Habari zikawa zinatembea na malori.

Mkweli wa Sae

Nakupinga mleta mada, na nitakuwa mkali kidogo.

Unazungumza kama vile kila uchaguzi unaoahirishwa wakati wa vita ni dhuluma. Waingereza wenyewe walikaa miaka kumi bila uchaguzi mkuu, 1935 hadi 1945. Ukraine iko chini ya sheria ya kijeshi tangu 24 Februari 2022, na sheria yao inakataza uchaguzi hali ikiwa hivyo. Rais wao alipaswa kupigiwa kura 2024, hawakupiga. Utawaambia nini? Wapange foleni chini ya makombora?

Na upande wa pili, Angola. Septemba 1992 walilazimisha uchaguzi wakati majeshi hayajavunjwa vizuri. Savimbi, mkuu wa waasi wa UNITA, akakataa matokeo, vita ikarudi mbaya kuliko ya mwanzo. Uchaguzi ulikuwa ndiyo kiberiti.

Amani kwanza. Mtu aliyekimbia nyumba yake Rutshuru, kule Kivu Kaskazini, anataka mahindi na turubai, hataki kadi ya kura. Harakati ni za watu walioshiba.

Mwanambalizi

Mkweli, hoja yako nzito na nimeilalia kabla ya kujibu.

Uingereza kwanza. Kweli waliahirisha. Ila angalia walivyoahirisha: Bunge lilikuwa linajiongezea muda mwaka mmoja mmoja kwa sheria, na Chama cha Labour kilikuwa ndani ya serikali moja na Churchill. Chaguzi ndogo ziliendelea mbunge akifa au akijiuzulu. Na Ujerumani iliposalimu amri Mei 1945, Julai wakapiga kura, vita na Japani ikiwa haijaisha. Kura ilikuwa tarehe 5 Julai, matokeo yakatangazwa tarehe 26, wiki tatu nzima, kwa sababu walisubiri kura za askari waliokuwa nje ya nchi. Wiki tatu masanduku yamefungwa ili kura ya kijana aliye Burma ihesabiwe. Kisha Churchill, aliyewavusha vitani, akaondolewa. Labour wakapata viti 393.

Ukraine vilevile. Bunge lao linaiongeza ile sheria ya kijeshi kila siku 90, wabunge wananyoosha mikono. Na Novemba 2023 vyama vilivyomo bungeni, pamoja na vya upinzani, vilikubaliana kwamba uchaguzi uje baada ya vita. Unaweza kulipinga, lakini limepita mezani, mbele ya watu, na lina tarehe ya kurudiwa.

Beni haikuwa hivyo. Pale Beni uliambiwa siku chache kabla, na tume iliyokaa ofisini, kwamba kura yako ya urais haitakuwepo. Nchi nyingine nzima inaendelea. Hapo hujaahirisha uchaguzi, umemchagua mpiga kura.

Kuhusu mwenye njaa kutotaka kura, nakuletea Sierra Leone.

Mwaka 1995 ile nchi iko vitani na waasi wa RUF, na inatawaliwa na vijana wa jeshi. Wanajeshi wakawa wanasema maneno yako haya haya: amani kwanza, uchaguzi baadaye. Waliosimama kukataa walikuwa kina mama. Wafanyabiashara wa sokoni, walimu, wauguzi, pamoja na kina Zainab Bangura. Agosti 1995 ukaitishwa mkutano wa kitaifa kwenye hoteli ya Bintumani, Freetown, wakakubaliana tarehe ya uchaguzi iwekwe. Januari 1996 jeshi likapinduana lenyewe kwa lenyewe, Maada Bio akamtoa Strasser aliyekuwa mkuu wa nchi, na wakuu wapya wakaitisha mkutano wa pili palepale Bintumani mwezi Februari wakitumaini wajumbe watabadili msimamo. Wajumbe wakasema tarehe ibaki.

Waasi nao hawakutaka kura. Walikuwa wanakata watu mikono, kwa sababu mkono ndio unaopiga kura. Naandika hili kwa uchungu. Na bado tarehe 26 na 27 Februari watu walitoka. Duru ya pili ilikuwa Machi, Ahmad Tejan Kabbah akashinda.

Sikufichi kilichofuata. Mei 1997 jeshi likampindua. Vita haikwisha mpaka 2002. Kwa hiyo uchaguzi haukuleta amani, na mtu akikuambia uliileta anakudanganya. Ila kulikuwa na serikali iliyochaguliwa, iliyotambulika, ya kudaiwa irudishwe, na ilirudishwa 1998. Wangekubali ile ya amani kwanza, wangekuwa wanadai nini?

Hao hawakuwa wameshiba, Mkweli. 

Mzee wa Makambako

Vijana, mmenikumbusha mambo. Naomba niseme kidogo, macho yangu hayaoni vizuri kwenye simu, mjukuu ananiandikia.

Mimi nilikuwa JWTZ. Tuliingia Kampala Aprili 1979, Amin akakimbia. Wengi mnaijua vita yenyewe mnayoiimba, lakini hamuijui ya baada ya vita. Sisi tulibaki Uganda, na Desemba 1980 walipofanya uchaguzi wao tulikuwa bado tupo.

Kila chama kilikuwa na sanduku lake. Si karatasi moja yenye majina yote kama mnavyopiga ninyi. Unapewa karatasi, unakwenda kutia kwenye sanduku la chama chako. Raia walikuwa wanalalamikia jambo hilo waziwazi, kwamba masanduku yakishajitenga hivyo, anayeyabeba usiku anajua lipi ni la nani.

Kura ilianza tarehe 10, ikaingia tarehe 11. Watu walipanga mistari mirefu sana, watu waliotoka kwenye mateso ya Amin, nao wanataka kuchagua. Jioni redio ikatangaza kwamba Paulo Muwanga, mkubwa wa tume ya kijeshi, ameuchukua yeye uwezo wa kutangaza matokeo. Mtu mwingine yeyote akitangaza ni kosa, jela. Basi. Kila mtu pale alielewa. Obote akatangazwa mshindi. Februari 1981 Museveni akashambulia kambi ya Kabamba, akaingia msituni, na wakafa watu wengi kwa miaka mitano.

Mleta mada umesema uangaliwe mtu aliyeshika karatasi. Ni kweli. Mimi nimeiona nchi ikirudi vitani kwa sababu ya nani anasoma karatasi.

Chipukizi_Iyunga

Shikamoo mzee. Asante kwa hilo, shuleni tulisoma hadi Kampala ilipoanguka tu, hapo tukafunga daftari.

Swali kwa mleta mada. Marekani wao hupiga kura hata wakiwa vitani, hawajawahi kuahirisha urais. Je, harakati za chini kule zimewahi kubadilisha kitu, au ni hela za matajiri tu?

Mzee wa Makambako

Marahaba mjukuu wangu.

Mwanambalizi

Mzee, shikamoo, na asante sana. Ungeandika na mengine tungeyasoma yote.

Chipukizi, kwa kifupi maana mada yetu ni huku. 1864 walipiga kura wakiwa katikati ya vita ya wenyewe kwa wenyewe. Mwezi Agosti Lincoln mwenyewe aliamini atashindwa. Septemba jeshi lake likaiteka Atlanta, hewa ikabadilika. Majimbo mengi ya Kaskazini yaliwaruhusu askari kupiga kura wakiwa huko huko kambini, na askari wengi wakamchagua yeye badala ya McClellan, aliyekuwa jenerali wao.

1968 ndiyo nzuri kwa swali lako. Vita ya Vietnam. Seneta Eugene McCarthy akamkabili rais wa chama chake mwenyewe, Johnson. Wanafunzi waliopinga vita wakanyoa ndevu na nywele ndefu ili wazee wa New Hampshire wawafungulie milango, wakaenda nyumba kwa nyumba kwenye theluji. Tarehe 12 Machi, kwenye kura ya mchujo ya chama kule New Hampshire, McCarthy akapata asilimia 42, Johnson 49. Johnson ndiye aliyeongoza, lakini rais aliye madarakani kupata vile ni aibu. Tarehe 31 Machi akatangaza hagombei tena. Harakati iliweza kumwondoa rais. Kumaliza vita haikuweza. Nixon akashinda Novemba na vita ikaendelea miaka.

2004, vita ya Iraq. Howard Dean wa Vermont, aliyetaka chama chake kimpitishe kugombea urais, aliipinga vita mapema, watu wakajikusanya kupitia intaneti, wakachangia vijihela vidogo vidogo hadi akawa na fedha kuliko wenzake wa chama. Mitandaoni alikuwa ameshashinda. Mchujo wa kwanza wa chama, Iowa, Januari 19, akawa wa tatu. Kule Iowa wakati ule hawakuwa wanatumbukiza karatasi na kuondoka. Ulikuwa mkutano wa mtaa, ulikaa ukumbini na majirani zako mkajigawa kwa makundi. Kampeni yake ilileta maelfu ya vijana kutoka majimbo mengine, wamevaa kofia za rangi ya chungwa, wakagonga milango. Wenyeji waliwaona ni wageni. Mnajua hali hiyo: gari linatoka Dar na vijana wenye fulana mpya linaingia kijijini Makete, wanaimba, wanagawa, wanaondoka. Mwenye kura anamsikiliza aliyemzika mama yake.

BintiKalenga

Kamwene mleta mada, kamwene wote.

Mimi nataka nizungumzie hiyo karatasi, maana nimeishika. 2015 nilikuwa wakala wa chama kwenye kituo kimoja kijijini kwetu, Iringa Vijijini. Chama sikitaji.

Watu wanasema kulinda kura kana kwamba ni kusimama na rungu. Ni kukaa. Unafika kituoni alfajiri na kiapo chako na barua yako, unakaa kwenye benchi la wanafunzi wa darasa la pili, magoti yanagusa kidevu. Unaangalia kila anayeingia. Chama kilisema chakula kitakuja, hakikuja. Chai ya thermosi waliyokuwa nayo wasimamizi niliogopa kuinywa, maneno ya kuwekewa dawa yalikuwa mengi, sikujua niamini lipi. Nilikula mahindi ya kukaanga niliyofunga kwenye kitambaa.

Kuhesabu kulianza jioni. Umeme haupo, taa ya betri moja juu ya meza. Msimamizi anainua karatasi, anaionyesha, anasoma jina, mwingine anaandika. Mimi nilikuwa na daftari la dukani kwa mama, lile la wadeni, nimeligeuza nyuma, napiga vijiti vitano vitano. Kuna karatasi alama imekaa kwenye mstari, katikati ya majina mawili. Hapo ndipo kazi. Ukiwa umelala, imekwenda. Ukiwa macho unasema samahani, naomba tuitazame tena. Tulibishana karatasi hiyo moja muda mrefu mpaka askari mlangoni akaja kuchungulia. Mwisho ikaharibika, haikwenda kwa yeyote, na nilikubali kwa sababu ndiyo haki yake.

Kisha fomu. Tunasaini wote, kila wakala anapewa nakala, moja inabandikwa nje. Nakala yangu niliikunja nikaiweka ndani ya kanga, nikatembea nayo usiku mpaka kwa katibu wa kata, tukiwa na kaka yangu na mbwa wetu. Chama kilikuwa na magari ya kampeni yenye spika kubwa miezi miwili. Usiku ule wa kupeleka fomu hakuna gari lililokuja.

Sasa najiuliza, mimi niliogopa fisi na chai. Mwanamke mwenzangu wa Beni au Masisi anayekaa kwenye benchi kama lile anaogopa nini?

Mkweli wa Sae

Binti, umenifundisha kitu. Narudi kwenye hoja ya mleta mada kidogo kidogo, ila sijahama yote. Kwa hali ya 2023 Congo, ungefanyaje? Masisi na Rutshuru M23 wapo. Utapeleka masanduku kwa nani?

Mwanambalizi

BintiKalenga, ndaga fijo. Hayo uliyoandika ndiyo nilitaka uzi huu uyapate.

Mkweli, swali zuri, na jibu langu linaanza mbali kidogo na siku ya kura.

Kura ilikuwa 20 Desemba 2023. Kampeni zilianza 19 Novemba. Hapo ndipo vijiwe vyetu vilipowaka. Tshisekedi kwenye mkutano wake wa mwisho Kinshasa akasema Rwanda ikichokoza tena ataliomba bunge ruhusa ya kutangaza vita, video ile ikazunguka Mbeya nzima. Lakini uandikishaji wa wapiga kura ulianza Desemba 2022 upande wa magharibi na ukafika mashariki mwanzoni mwa 2023. Maeneo yaliyokuwa mikononi mwa M23 hayakuandikishwa. Maana yake ni kwamba aliyefuatilia daftari alijua miezi mingi kabla ya kampeni kwamba Masisi na Rutshuru watakuwa nje, pamoja na Kwamouth karibu na Kinshasa kulikokuwa na mapigano mengine. Sisi tulikuja kulisikia kama habari mpya mwezi Novemba.

Na watu wenyewe hawakuwa Masisi. Wengi walikuwa kambini pembezoni mwa Goma. Huhitaji kupeleka sanduku kwa M23. Mtu yuko kwenye turubai, anajulikana na mwenyekiti wa kambi, anapewa mgao kwa jina. Ukiweza kumwandikia unga, unaweza kumwandikia kura. Inahitaji sheria ya mapema na nia, na ndiyo kazi ya vijana kama wa LUCHA: kupiga kelele wakati wa daftari, wakati ambapo hakuna kamera.

Siku ya kura yenyewe, vituo vingi havikufunguka kwa wakati, vifaa havijafika, upigaji ukasogezwa siku za mbele. Januari tume ikafuta matokeo ya wagombea 82 wa ubunge na nafasi nyingine kwa udanganyifu, wengine walikutwa na mashine za kupigia kura. Mashine zenyewe! Ila hesabu ya urais ikabaki kama ilivyo, asilimia 73 kwa Tshisekedi. Kama makaratasi ya vituo yangekuwa yamebandikwa kila mahali na raia wameyapiga picha, ubishi ungekuwa mdogo. 2018 Kanisa Katoliki liliweka waangalizi kama elfu arobaini, ndio maana waliweza kusema wanajua nani kashinda. Hawakuwa na bunduki, walikuwa na nakala. Walinyamazishwa kwa njia nyingine, lakini mpaka leo hakuna aliyewaambia mmehesabu vibaya akaeleweka.

Dereva_wa_Kasumbalesa

Sasa mbele? M23 waliingia Goma mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu Februari. Wale wa kambini nao wamefukuzwa tena. Uchaguzi kwa kalenda yao ni 2028.

Mwanambalizi

Ndiyo. Na vijana wa JWTZ nao walikuwa huko Januari ile, familia mbili zilipokea msiba. Kwa hiyo asije mtu akasema ni ya Wakongo peke yao.

Ninachoomba, hasa kwa ninyi wa barabarani: tusisubiri kampeni. Mkifika Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, ulizeni mambo ya daftari. Kadi za zamani zinatambulika? Waliotoka Kivu wakakimbilia Katanga wataandikishwa walipo au wataambiwa warudi kwao? Nani wanajitolea kuwa mawakala na wanalipwa na nani? Leteni hapa, tutaweka kwenye uzi huu huu mwaka hadi mwaka. BintiKalenga, ukikubali, andika hatua zote za wakala kuanzia kiapo hadi nakala, kwa Kiswahili rahisi. Kiswahili kinasomwa Goma, kinasomwa Lubumbashi. Dereva anaweza kuwapa kwenye simu.

BintiKalenga

Nakubali. Nipe mpaka Jumapili, nina mavuno ya viazi. Nitaweka na habari ya chakula na tochi, kwa sababu semina hazisemi.

Dereva_wa_Kasumbalesa

Mimi nina mzigo wa Likasi wiki ijayo. Kuna mwalimu tunanunua kwake samaki wa kukaanga karibu na maegesho, shule yake ni kituo cha kura, 2023 alikuwa ndani anasimamia. Nitamuuliza hayo ya kadi na ya watu wa Kivu, nikirudi Tunduma naweka majibu hapa.